Neno KEEP Kwenye Chupa ya Dawa

Jioni moja, kabla somo halijaanza, mama mmoja wa darasa letu aliingia na chupa. Alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Leo nimekuletea kazi. Nisomee hii, kisha uniambie kama mimi nimesoma vizuri au vibaya."

Aliweka chupa juu ya meza. Ilikuwa chupa ndogo nyeupe ya plastiki. Karatasi iliyobandikwa juu yake, yaani lebo, ilikuwa imechanika. Jina la dawa halikuonekana. Chini kabisa ulibaki mstari mmoja wa Kiingereza:

KEEP OUT OF REACH OF CHILDREN

Mama aliweka kidole juu ya neno la mwisho.

"Hili nalijua," alisema. "Children. Watoto. Lipo kwenye chupa ya dawa ya homa tuliyopewa zahanati. Jana usiku mjukuu wangu alikuwa na homa. Nikaikuta chupa hii nyuma ya mlango. Nikaliona neno hili. Nikasema moyoni, kumbe dawa ya watoto bado ipo. Nikachukua kijiko."

Darasa zima lilinyamaza.

"Nilipofungua kifuniko nikasikia harufu. Haikuwa harufu ya dawa ya zahanati. Nikafunga. Asubuhi nikamwuliza shemeji yangu. Akaniambia, 'Shemeji, hiyo ni dawa yangu ya nyanya.'"

Mtoto alipelekwa zahanati asubuhi ile ile. Alipimwa, akapewa dawa yake. Sasa anacheza. Lakini kijiko kilikuwa tayari mkononi.

Mzee mmoja anayekaa karibu na dirisha aliuliza, "Lakini mwalimu, mama amesoma sawasawa. Neno ni watoto. Kosa liko wapi?"

Swali lake ni zuri. Somo letu la leo ni jibu la swali hilo.

Neno la kwanza

Ndugu msomaji, tazama tena mstari ule. Mama alisoma neno la mwisho. Hakusoma neno la kwanza. Neno la kwanza ni KEEP, nalo ndilo linalotoa amri.

Tuanze na kulitamka. Sisi tumezoea kusoma kila herufi kwa sauti yake. Kwa Kiswahili, "e" ni "e" siku zote. Kiingereza hakifuati desturi hiyo. Herufi mbili "ee" zikikaa pamoja husomwa kama "i" ndefu. Kwa hiyo KEEP halisomwi "ke-ep". Husomwa kama "kiip", na mdomo hufungwa kwenye "p". Usiongeze "u" mwishoni.

KEEP ni kitenzi, yaani neno la kutenda. Maana yake ya kwanza ni kuweka kitu na kukiacha kikae hapo, au kukitunza kibaki kama kilivyo. Ukiweka sufuria mezani kwa muda mfupi, Mwingereza hatumii neno hili. Ana neno jingine la kuweka kwa namna hiyo, PUT. Lakini ukiweka pesa sandukuni zikae mpaka msimu wa kulima, hapo atasema KEEP. Ndani ya neno hili mna kuweka na mna kulinda.

Sasa tuendelee na maneno mengine ya mstari.

OUT ni nje. REACH, ambalo husomwa "riich", ni kufika kwa mkono, au umbali ambao mkono unaweza kufika. OF ni neno la kuunganisha, kama "a" yetu katika "ya" au "wa". CHILDREN ni watoto.

Yaunganishe yote: weka mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Yaani mstari unasema kinyume kabisa cha kile mama alichofikiri. Yeye alifikiri chupa inasema, "Mpe mtoto." Chupa ilikuwa inasema, "Mtoto asiiguse."

Na kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mstari huu huu umeandikwa pia kwenye chupa ya dawa ya homa ya watoto. Umeandikwa kwenye vidonge vya watu wazima, kwenye sumu ya panya, kwenye dawa za kusafishia choo. Kwa hiyo mstari huu hausemi ndani ya chupa mna nini. Hausemi dawa ni ya nani. Unasema tu mahali pa kuiweka. Ukitaka kujua kilichomo, soma jina lililo juu na maelezo ya matumizi. Kama jina limechanika, chupa hiyo usiitumie kwa mtu yeyote.

Lugha yetu nayo ina mtego hapa. Tunasema dawa ya homa, dawa ya nyanya, dawa ya panya, dawa ya viatu. Zote ni dawa! Shemeji wa yule mama hakusema uongo. Lakini kile alichonacho ni sumu. Kiingereza kina neno lake kwa sumu, nalo ni POISON. Ukiliona neno POISON, au picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili, hiyo si dawa ya kunywa hata kama nyumbani mnaiita dawa.

Chupa nyingi za sumu za shambani zina mkanda wa rangi chini ya lebo. Mkanda mwekundu ni sumu kali kuliko zote. Ukifuata mpango huo, baada ya nyekundu huja njano, kisha buluu, kisha kijani. Wapo wanaosema kijani ni salama. Si salama. Kijani ni sumu yenye ukali mdogo kuliko zile nyingine, basi.

Mkono wa mtoto unafika wapi?

Tulipomaliza kusoma mstari, tulibishana darasani. Ni mahali gani ambapo mkono wa mtoto haufiki?

Baba mmoja alisema chini ya kitanda. Wenzake walimcheka, kwa kuwa huko ndiko watoto wanakojificha wakicheza. Mwingine akasema juu ya rafu. Yule mama akamjibu, "Mjukuu wangu anapanda kwenye kigoda, kutoka kigoda anapanda mtungi, kutoka mtungi anafika kwenye sukari yangu." Nyuma ya mlango, alipoikuta chupa, hapakuwa mahali pa kuweka sumu hata kidogo.

Tulikubaliana juu ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo usiachwe ukining'inia hapo hapo. Kwenye lebo za sumu nyingi utaona picha ndogo ya kufuli. Maana yake ni hiyo hiyo: fungia. Mara nyingine huandikwa KEEP LOCKED UP, weka ikiwa imefungiwa.

Sumu ibaki katika chupa yake mwenyewe. Usiimimine kwenye chupa ya soda. Mtoto hasomi lebo, bali anaitambua chupa ya soda. Na chupa ya sumu ikiisha, usiitumie kuwekea mafuta ya kula wala maji, hata ukiiosha mara kumi.

Ikiwa mtu amekwisha kunywa, mkimbize zahanati au hospitali, na uichukue chupa pamoja na lebo yake. Mganga atataka kujua ni sumu gani. Usimtapishe bila kuambiwa na mganga, maana sumu nyingine huunguza zinapoingia na zinapotoka. Mafuta ya taa yanaweza kuingia kwenye mapafu mtu akitapika.

Neno dogo linalofuata

Sasa tuone KEEP mahali pengine. Hapa ndipo penye kazi. Neno hili mara nyingi hutembea na neno dogo nyuma yake, na neno hilo dogo hugeuza maana yote.

Kwenye chupa ya sumu ya mimea huandikwa pia:

KEEP AWAY FROM FOOD

FOOD ni chakula. Mtu anayejua KEEP na FOOD tu atasema, "Weka kwenye chakula." Angalia hatari yake! Maneno AWAY FROM maana yake ni mbali na. Amri ni: weka mbali na chakula. Sumu isilale ghala moja na mahindi, wala isisafirishwe katika kikapu kimoja na unga.

Hapo mkulima mmoja alinyosha mkono. Alisema, "Mwalimu, mbona ipo dawa ya unga tunayochanganya na mahindi ili yasibunguliwe?" Ni kweli, ipo. Hiyo imetengenezwa kwa kazi ya kuhifadhi nafaka, nayo huchanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Sumu ya kupulizia mashambani si hiyo. Asiyesoma lebo anaweza kuchukua hii kwa kazi ya ile.

Kwenye mfuko wa saruji au mbolea, na kwenye maboksi mengi, utaona KEEP DRY. DRY ni kavu. Weka pakavu, usiache ulowe. Pengine hapo pana picha ya mwavuli na matone ya mvua.

Kwenye pakiti ya vidonge huandikwa KEEP IN A COOL DRY PLACE. COOL ni -a ubaridi kidogo, na PLACE ni mahali. Weka mahali pakavu penye ubaridi. Si lazima uwe na friji. Maana yake ni kwamba usiweke vidonge dirishani panapopigwa na jua, wala karibu na jiko, wala chini ya bati linalowaka mchana kutwa. Dawa iliyopata joto jingi au unyevu inaweza kupoteza nguvu yake, na mgonjwa akaimeza bila kupona. Lakini zipo dawa, kama chanjo nyingi, zinazotaka baridi ya friji kweli, kati ya nyuzi 2 na 8. Hizo hutunzwa na zahanati.

Sasa linganisha maneno haya mawili:

KEEP OUT
KEEP ON

La kwanza utaliona kwenye uzio wa mitambo ya umeme. Maana yake ni kaa nje, usiingie. La pili maana yake ni endelea. Neno la kwanza ni lile lile, lakini moja linakuzuia na jingine linakuambia usiache.

Maana hii ya kuendelea ni muhimu kwa mgonjwa. KEEP ikifuatwa na kitenzi kinachoishia na "-ing", maana yake ni endelea kufanya. KEEP WALKING ni endelea kutembea. KEEP TAKING THE TABLETS ni endelea kumeza vidonge. Mgonjwa wa kifua kikuu wa kawaida humeza dawa kwa miezi 6. Baada ya wiki chache anajisikia vizuri, kikohozi kimepungua, anatamani kuacha. Akiacha mapema, ugonjwa unaweza kurudi, na safari hii dawa zile zile zisiufae. Kwake yeye KEEP si kuweka vidonge kabatini. Ni kuendelea kuvimeza. Unaona jinsi mtu anavyoweza kuponzwa na maana moja tu aliyoikariri?

Barabarani

Ukienda mjini utakutana na KEEP LEFT. LEFT ni kushoto. Maana yake ni shika kushoto, pita upande wa kushoto. Katika Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Katika Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita kulia. Dereva wa lori anayetoka Tanzania akivuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda hana budi kubadili upande.

Amri hii ni ya magari na baiskeli. Wewe unayetembea kwa miguu kwenye barabara isiyo na njia ya miguu, pita upande wa kulia. Hapo utayaona magari yanayokujia. Ukipita kushoto, gari litakuja nyuma ya mgongo wako.

Maneno KEEP LEFT yalipata bahati ya kuingia katika Kiswahili. Yaliandikwa kwenye vibao vya mizunguko ya barabara, pale magari yanapozunguka kisha kila moja likashika njia yake. Watu waliyasikia kama neno moja, wakaita mahali penyewe kipilefti. Kwa kuwa lilianza na "ki", likaonekana kama kitabu, kiti na kisu. Basi likapata wingi wake: kipilefti kimoja, vipilefti viwili. Mwingereza akisikia "vipilefti" hatajua kama ni lugha yake. Mimi huwa nacheka peke yangu kila ninapolitamka.

Lipo jingine ambalo bila shaka umelitumia tangu utotoni. Nani hulinda goli? Kipa! Neno hilo limetoka katika KEEPER, yaani mtunzaji, mlinzi. Kwa Kiingereza, ukiongeza "-er" mwishoni mwa kitenzi kama hiki, unapata mtu anayefanya kazi hiyo. Kama sisi tunavyotoa mlinzi katika linda, na mtunzaji katika tunza. Wanaume wa darasa letu walifurahi sana kusikia kwamba wamekuwa wakilitamka neno hili kwa miaka mingi uwanjani bila kujua.

Nyuma ya malori mengi huandikwa KEEP DISTANCE. DISTANCE ni umbali. Dereva anaambiwa aache nafasi, asifuate karibu mno.

Kwa neno moja, Kiswahili maneno mengi

Baada ya hapo yule mzee wa dirishani aliuliza tena, "Sasa, kwa Kiswahili, KEEP ni neno gani hasa?"

Nilimjibu kwamba halina neno moja. Mwingereza hutumia KEEP mahali ambapo sisi tuna maneno mbalimbali. Anasema KEEP GOATS, sisi tunasema fuga mbuzi. Anasema KEEP QUIET, sisi tunasema nyamaza. Anasema KEEP A PROMISE, sisi tunasema timiza ahadi. Anasema KEEP A SECRET, sisi tunasema tunza siri. Mtu akikurudishia chenji nawe ukamwambia KEEP IT, umemwambia abaki nayo. Si kwamba Kiingereza ni maskini wala Kiswahili ni kigumu. Kila lugha hupanga vyombo vyake kwenye rafu yake.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na watu wanaojifunza Kiingereza kwa kukariri orodha: neno moja hapa, maana moja pale. Orodha hiyo ndiyo ingempeleka mjukuu hatarini. Jifunze neno pamoja na jirani zake.

Kwa mambo yaliyopita, KEEP hugeuka kuwa KEPT. Hili husomwa kama lilivyoandikwa: "kept". I KEEP GOATS ni ninafuga mbuzi. I KEPT GOATS ni nilifuga mbuzi. Kwa mtu mwingine mmoja, mwanamume au mwanamke, ongeza "s": SHE KEEPS GOATS, yeye anafuga mbuzi.

Lebo nyingi siku hizi zina maelezo ya Kiswahili pia. Kama yapo, soma hayo kwanza. Kwa maoni yangu ingefaa maneno ya hatari yaandikwe kwa Kiswahili kwa herufi kubwa kuliko jina la dawa. Lakini chupa nyingine huuzwa na maandishi ya Kiingereza peke yake, na sumu nyingine hupimwa sokoni kwenye vichupa visivyo na lebo kabisa. Hizo za mwisho usinunue.

Wiki iliyofuata yule mama alikuja bila chupa. Niliuliza iko wapi. Akasema, "Nilimwambia shemeji, dawa yako nimeiweka kwenye sanduku la bati na nimelifunga. Akanidai ufunguo. Nikamwambia, kwanza nisomee ule mstari." Shemeji hakuweza kuusoma. Sasa naye anahudhuria darasa, anakaa kiti cha nyuma.

Zoezi

1. Soma kwa sauti, kisha sema kwa Kiswahili: KEEP DRY. KEEP OUT. KEEP LEFT. KEEP AWAY FROM FIRE. (FIRE ni moto.)

2. Mtu amesoma KEEP AWAY FROM ANIMALS, akasema, "Ni dawa ya mifugo." ANIMALS ni wanyama. Amekosea wapi?

3. Badili iwe habari ya zamani: I KEEP CHICKENS. (CHICKENS ni kuku.)

4. Tafuta nyumbani kwako chupa, pakiti au mfuko wenye neno KEEP. Nakili neno hilo na maneno yote yanayolifuata katika daftari lako. Andika pia mahali kitu hicho kilipokuwa kimewekwa ulipokikuta. Njoo navyo darasani.